Sweta Lililokaa Kazini Badala Yangu

Makole, Jumapili mchana

Rehema mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni, na sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu ulipoanza kuhangaika na kazi. Sasa hivi uko kwa msusi. Kwa jinsi anavyopenda kuongea, hatamaliza kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo mchana wote ni wangu. Shangazi yako Mariamu amenisogezea meza ndogo hadi dirishani, akaniwekea mto mgongoni, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia barua.

"Barua kwa mtu mnayelala nyumba moja? Wifi, si umwambie tu?"

Nimejaribu kukuambia tangu Jumatano. Kila nikifungua mdomo unaniuliza kama nataka chai.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala za kufunga mlango vizuri. Una miaka ishirini na saba, na hayo nimeyasema mpaka nimekuchosha. Nina jambo moja tu, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo humo. Daktari aliwaambia ninyi kwamba moyo wangu unahitaji kupumzika. Mimi aliniambia zaidi ya hapo, kwamba siku zangu si nyingi, nami nikamwomba asikueleze mpaka upate kazi. Umeshapata. Nadhani ulikuwa unajua.

Uliporudi kutoka kwenye usaili wa Morogoro ulikaa ukingoni mwa kitanda changu, viatu bado miguuni, ukanisimulia swali moja baada ya jingine. Ukafika kwa yule mzee mwenye miwani aliyekuuliza ni nani aliyekufundisha kazi. "Nikamwambia mama yangu," ulisema. "Nikamwambia alikuwa afisa utumishi hapa Dodoma miaka thelathini, na hakuna siku aliyoacha kiti chake kitupu." Ukasema walitazamana, wakaandika kitu. "Mama, nadhani kazi niliipatia hapo." Nikakushika mkono. Ulidhani nimeguswa. Nilikuwa nimeogopa.

Kiti changu kweli hakikuwa kitupu, Rehema. Kilikuwa na sweta.

Ninyi mnaweka kidole kwenye mashine mkifika, na mashine inajua. Sisi tulikuwa na daftari la mahudhurio, ukisaini saa moja na nusu umemaliza. Baada ya hapo, aliyetaka kwenda kwenye shughuli zake aliacha kitu cha kumshikia nafasi. Wanaume waliacha koti mgongoni mwa kiti, droo nusu wazi, kalamu bila kifuniko juu ya faili. Mkubwa akipita akiuliza, jibu lilikuwa, "Yupo, koti lake si lile pale?" Bwana mmoja wa uhasibu tulimtania kwamba ana makoti mawili, moja la kuvaa na jingine la kuajiriwa. Alicheka kuliko sisi.

Baba yako alipofariki, wewe ukiwa bado hujaanza kutembea, alituachia ekari mbili za zabibu kule Mpunguzi. Habari za zabibu hizo umezisikia kwa upande wake mzuri, kwamba ndizo zilizojenga nyumba hii na kuwasomesha kaka zako. Ni kweli. Sikukuambia kwamba sikuzihudumia Jumamosi tu. Nilizihudumia saa za kazi. Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa sababu za kweli, mjane mwenye watoto wanne. Lakini nimesikiliza sababu za watumishi kwa miaka thelathini, na nyingi zilikuwa za kweli. Hazikuwahi kumrudisha mtu kwenye kiti chake.

Kwenye swichibodi ya ofisi yetu alikuwepo dada mmoja anaitwa Damari. Hakuwa akiona tangu utotoni. Alisoma Buigiri, shule ya watoto wasioona, kisha akafundishwa kazi ya opereta. Simu zote, za kuingia na za kutoka, zilipita mikononi mwake. Alitujua kwa nyayo. Ukipita mlangoni kwake bila kusalimia, alikusalimia yeye, kwa jina, na kama umebadilisha viatu alikuuliza umevinunua wapi. Simu zikitulia alifuma. Mwezi wa sita, upepo wa Dodoma unapoanza kupenya madirishani, nusu ya ofisi ilikuwa imevaa kazi ya mikono yake.

Baada ya msiba wa baba yako aliniita, akanipima mabega kwa viganja. "Dada Eunike, umekonda. Huko kwako unapika au unawatazama tu watoto?" Baada ya wiki mbili akanipa sweta la bluu iliyokoza, lenye vifungo vya mbao. Hakutaka nimpe kitu. Lilikuwa zuri, na kila mtu alilijua kuwa langu. Kwa sababu hiyo nikalichagua liwe la kuacha kitini.

Siku yenyewe ilikuwa ya mavuno. Wiki moja kabla tulikuwa tumefanya usaili wa nafasi tatu za ukarani. Vijana watatu walikuwa wamefaulu, majina yao yako mezani kwangu, yamebaki saini yangu na kupelekwa makao makuu kwa faksi. Nikasema nitayamaliza nikirudi. Mnunuzi alikuwa amesema lori lake litafika Mpunguzi asubuhi, na zabibu zilizokwisha kukatwa hazingoji. Nikasaini daftari, nikavisha kiti sweta, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Saa nne makao makuu wakapiga simu kutoka Dar es Salaam. Walitaka majina kabla ya saa sita, yasipofika nafasi zitahamishiwa mkoa mwingine. Damari akapiga simu ya chumbani kwangu mara tatu. Kisha akafanya kitu alichokatazwa, akaacha swichibodi, akaja mwenyewe kwenye korido akipapasa ukuta mpaka chumbani kwetu. Mwenzangu wa meza ya jirani akamwambia, "Yupo, Damari. Sweta lake si hili hapa." Akaligusa. Akalijua, maana alilifuma yeye. Akarudi akawaambia makao makuu, "Yupo, ametoka kidogo, nitampa ujumbe." Hakuamini kwamba nipo. Alisema vile kunikinga.

Nilirudi saa nane na vumbi la Mpunguzi kwenye viatu. Akaniita kabla sijapita mlango wake, akanipa ujumbe neno kwa neno. Nikapiga simu. Nafasi zilikwisha kwenda.

Hapa nataka usome taratibu. Kutoka saa nane ile mpaka asubuhi nilipoitwa na mkurugenzi zilikuwa saa kumi na nane. Mlango wake ulikuwa juu tu ya ngazi. Ningepanda nikasema, "Mzee, sikuwepo, nilikuwa shambani," ningepata barua ya onyo, pengine na mwezi mmoja wa kuona haya. Kosa lilikuwa bado dogo, lilikuwa bado langu. Nilikwenda nyumbani nikapika. Usiponikumbuka kwa jambo lingine lolote kazini, nikumbuke kwa saa hizo kumi na nane. Ukikosea, panda ngazi siku hiyo hiyo. Usisubiri uitwe, kwa sababu ukiitwa utakuta umeshajipangia maneno.

Mimi nilikuwa nimeshapanga.

"Mama Rehema, jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Ofisini, mzee."

"Na ujumbe wa makao makuu?"

"Niliupata saa nane."

Ona nilivyokuwa hodari. Katika majibu mawili, la pili lilikuwa kweli kabisa. Akamwita Damari. Tulikuwa kama watu sita mle ndani, wengine wamesimama mlangoni kwa sababu habari ilikuwa imeshaenea. Damari akasema alinipigia mara tatu, kisha akaja mwenyewe, na sikuwepo.

"Wenzake wanasema alikuwepo," mkurugenzi akasema. "Sweta lake lilikuwepo."

"Sweta lilikuwepo, mzee. Yeye hakuwepo."

"Wewe mwenyewe uliwaambia makao makuu yupo."

Damari angeweza kusema kwa nini. Hakusema. Ndipo mmoja wa waliosimama mlangoni akachokoza, "Kwani Damari, wewe ulimwonaje kwamba hayupo?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi mwenyewe akatabasamu, akainamisha kichwa kwenye makaratasi.

Nami nilicheka, Rehema. Sikucheka sana, lakini nilicheka. Na yule dada, aliyeweza kuzitambua sauti za ofisi nzima, akageuza uso mpaka ukanielekea sawasawa. Kicheko changu alikiokota katikati ya vingine.

Ajira yake ilikuwa ya muda, ya kuongezwa kila mwaka. Mwaka ule haikuongezwa, kwa kuwa nafasi zilizopotea zilihesabiwa kosa lake. Barua ya kumwachisha niliiandika mimi, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Na kwa kuwa hakuweza kuisoma, niliisoma mimi, yeye ameketi mbele ya meza yangu, mikono juu ya mkoba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Iliyopo chini ni saini ya nani?"

"Ya mkurugenzi."

"Na aliyeandika?"

"Mimi."

"Imeandikwa vizuri," akasema. Akasimama, akatafuta mlango kwa mkono. Siku ile hakusema kwaheri kwa mtu yeyote. Alirudi kwao Buigiri.

Nikikuandikia kwamba sikulala, nitakuwa naanza kujipamba. Nililala. Niliacha kutoroka kazini, hilo ni kweli. Sweta nililipeleka nyumbani nikaliweka chini kabisa ya sanduku, na tangu hapo sikukosa hata nusu siku mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo yule mama uliyemsifu mbele ya mzee wa miwani alikuwepo kweli. Cheti cha mfanyakazi hodari kilichoko sebuleni nilikipata kwa jasho langu. Ila aliyelipia nijifunze alikuwa mtu mwingine, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kwenda kumwambia. Unadhani muda utalainisha jambo. Unaligandisha.

Wale vijana watatu nilijiambia watapata kazi kwingine. Miaka tisa iliyopita, tulipokuwa tunabadilisha geti hili, nilikwenda Kizota kwa mafundi wa kuchomelea. Fundi mmoja akavua miwani yake nyeusi, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo mama. Wewe si yule mama wa usaili?"

Akanitajia jina. Nililijua kabla hajamaliza, lilikuwa la kwanza kwenye orodha ile. Nikamwambia maneno ya kawaida, habari za siku nyingi, kazi zinaendaje. Akacheka akasema, "Mungu anasaidia, mama. Ile ya ukarani nilijua tu nimeikosa. Mlivyoniuliza kwa Kiingereza nilibabaika. Niliporudi nyumbani nikamwambia mke wangu, mambo ya ofisini si ya kichwa changu, tusipoteze tena nauli."

Hakuomba tena kazi ya ofisi maisha yake yote. Alikuwa wa kwanza, Rehema. Sisi watatu tuliomuuliza, sote tulimpa alama za juu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia pale. Nikauliza geti litakuwa tayari lini.

Lakini nilikukosea na wewe, na hili ndilo linaloniuma kila nikikutazama. Miaka mitatu uliyotafuta kazi, ukitoa nakala za vyeti, ukituma maombi usiyojibiwa hata kwamba yamefika, ukienda usaili wenye watu mia nne kwa nafasi sita, mimi nilikaa kwenye kochi langu nikikuambia hujiandai. Unakumbuka ile siku ya mvua, umerudi umelowa mpaka soksi, nikakuuliza kama uliwatazama machoni? Ukasema, "Mama, sijui tena wanataka nini." Nikakujibu, "Wanataka mtu aliye makini." Nilijua mimi ni nani. Nilijua kwamba nyuma ya meza ile anaweza kuketi mtu ambaye akili yake iko shambani, na kwamba hilo linatosha kukukosesha kazi uliyoistahili. Nilitakiwa kukuambia hivyo siku ile, nikupe taulo na uji. Nikakuacha uamini kwamba kasoro ni yako, kama yule fundi alivyoamini.

Nisamehe kwa hilo kwanza. Ni dogo kuliko lile la Damari, lakini nililirudia kwa miaka mitatu.

Sasa unaenda kukaa upande wangu wa meza. Majina ya watu yatalala kwenye droo yako. Sina kanuni za kukupa, nyingine utazikuta kwenye vitabu vyenu na ni nzuri kuliko zangu. Nakuomba tu jina la mtu lisilale kwako siku mbili bila sababu unayoweza kumwambia mwenyewe. Aliyekosa, mwandikie kwamba amekosa, na kama alifaulu na nafasi ikapotea, mwandikie hilo pia. Na ofisini kwenu, wakianza kumcheka mtu ambaye hana pa kujibia, angalau wewe usicheke. Ukishindwa kumtetea, nyamaza. Mimi sikuweza hata kunyamaza.

Jumatano ulipokwenda kuchukua barua ya ajira, nilimpigia Damari. Namba niliipata kwa mama mmoja wa kanisani mwenye ndugu Buigiri. Nilikuwa nimejiandalia maneno, si unanijua.

"Mbukwa," akaitikia, kwa Kigogo, kama zamani alipokuwa hajui anaongea na nani. "Nani mwenzangu?"

Nikasema, "Habari za siku nyingi, Damari."

Nikamsikia akisogeza simu sikioni.

"Dada Eunike. Unapumua vibaya. Unaumwa?"

Nikamwambia ni moyo. Nikaanza kusema nilichokusudia, kwamba nimekuwa nikifikiri, kwamba siku zile mambo yalikuwa vile, na nini na nini. Akanikatisha.

"Wewe uliniachisha kazi kwa barua fupi. Mbona hii ni ndefu?"

Nikasema nilikuwa shambani siku ile. Nikasema nilidanganya, na nilicheka.

"Hayo nayajua," akasema. "Mimi nilikuwepo. Unanipigia kuniambia mambo ninayoyajua?"

Nikamwuliza anataka nini, kama kuna kitu ninachoweza kufanya na nguvu zilizobaki. Hakuchukua muda kufikiri, nadhani alikuwa nalo jibu tangu zamani.

"Nina watoto wawili. Walikua wakiambiwa na watoto wenzao kwamba mama yao alifukuzwa kwa sababu kipofu hawezi kazi ya serikali. Mkubwa ni mwalimu sasa, na bado anaamini niliharibu kitu. Nimemwambia mara ngapi. Ananijibu, 'Sawa, mama,' kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Njoo useme mbele yao. Siku yoyote, ila asubuhi, kabla hawajatawanyika."

Nikamwambia nitakuja. Akasema, "Tutaona," akakata.

Nimekaa hapa tangu Jumatano, na nimegundua kwamba siwezi kwenda kusema mbele ya wanawe jambo ambalo sijalisema mbele ya mwanangu. Kaka zako nitawapigia leo jioni. Wewe nakupa karatasi hizi ukirudi, kabla hatujala. Ukimaliza kusoma, usije ukanikumbatia haraka na kuniambia yamepita. Kaa nalo. Ukitaka kukasirika, kasirika, hata kama ni usiku wako wa mwisho hapa. Na ile sentensi uliyompa mzee wa miwani usiirudie popote. Umepata kazi kwa kichwa chako, nilikusikia ukijisomea.

Tiketi ulizoziona kwenye Biblia yangu, ukadhani nimechanganyikiwa na kukulipia mara tatu, nilizikata kwa makusudi. Moja yako, moja yangu, moja ya shangazi yako atakayenishika mkono. Kesho tutapanda pamoja basi lako la alfajiri la Morogoro. Buigiri si mbali, ni kiasi cha nusu saa na ushee kutoka hapa. Nimeongea na kondakta, atasimamisha. Nitachukua muda kushuka, na abiria watanung'unika, waache wanung'unike. Kutoka barabarani mpaka kwa Damari, Mariamu ameambiwa kuna mwendo wa kama dakika kumi. Kwangu utakuwa nusu saa.

Najua utataka kushuka nasi. Nimekuzaa, nakuona tayari umeshika begi lako. Usishuke. Umeandikiwa kuripoti kabla ya saa nane mchana, na mambo ya kule Buigiri ni kazi yangu, nilitakiwa kuifanya kabla hujajua kutembea. Kaa kwenye kiti chako, mwanangu, kaa wewe mwenyewe, uwahi.

Mama yako,
Eunike